Je, Jua Laweza Kuiangamiza Dunia?

Mwalimu wa kikundi, tafadhali hakikisha kila mtu amekaa mahali anaposikia vizuri, kisha andika ubaoni miaka hii mitatu: 774, 1859 na 2024. Chini yake acha nafasi, maana baadaye tutaongeza hesabu moja kubwa kuliko hizo zote.

Somo la leo latokana na swali ambalo watu wazima huliuliza kwa sauti ya chini, wasije wakachekwa na watoto wao waliosoma. Je, jua laweza kulipuka likatumaliza? Swali hili si la kitoto hata kidogo. Watu wenye elimu kubwa wameliuliza, na bado wanalichunguza. Lakini kuna wanaolitumia kwa ubaya. Kwa miaka mingi umekuwa ukizunguka katika simu za mkononi, nchi hata nchi, ujumbe usemao kwamba usiku wa leo mionzi mikali kutoka angani itapita karibu na dunia, basi kila mtu azime simu yake na kuiweka mbali na kitanda. Ujumbe huo hutaja BBC na NASA kuwa mashahidi wake, nao hawakusema neno kama hilo. Mtu akiupata hulala na hofu, na kabla ya kulala huwapelekea jamaa zake kumi. Asubuhi wote wako salama, lakini hakuna anayeuliza imekuwaje.

Sisi tutauliza. Tutalishika swali hili kwa njia ya historia, yaani tutatafuta kama jambo hilo lilipata kutokea, lilitokea lini, na nani aliyeumia.

Watu wa mkoa wa Ruvuma si wageni wa kuhesabu historia kwa jua. Masimulizi ya Wangoni yasema kwamba watu wa Zwangendaba, walipokuwa wakitoka kusini, waliuvuka mto Zambezi siku ambayo jua lilipatwa. Wataalamu wa nyota waweza kuhesabu nyuma siku zote za kupatwa kwa jua, na kwa hesabu hiyo twajua kuwa ilikuwa Novemba 1835. Hiyo ni kazi nzuri ya historia: masimulizi ya wazee na hesabu za nyota zinashikana mikono. Lakini kupatwa kwa jua ni kivuli cha mwezi tu, na kivuli hakimuui mtu. Leo twazungumza juu ya jambo linalotoka katika jua lenyewe.

Jua ni tufe kubwa mno la gesi yenye moto, nalo lina nguvu za sumaku ndani yake. Nguvu hizo hujisokota kama kamba ya wavuvi. Kamba ikisokotwa kupita kiasi hukatika ghafula, na aliyeishika hurushwa. Ndivyo ilivyo huko juani. Sumaku zikikatika na kujiunga upya hutoka mwako mkali, nao ndio tuuitao mlipuko wa jua. Mara nyingi pamoja na mwako huo hutoka pia wingu la chembe ndogo sana zenye umeme, likirushwa angani. Shikeni tofauti hii, maana wengi huchanganya. Mwako ni mwanga, nao hutufikia baada ya dakika 8 tu. Wingu ni kitu chenye uzito, nalo husafiri siku moja hata tatu ndipo likafika hapa, kama likitupata. Jua liko mbali nasi kilomita milioni 150, na mawingu mengi hupita kando bila kutugusa.

Sasa tazameni mwaka wa 1859 ubaoni.

Mnamo tarehe 1 Septemba mwaka huo, Mwingereza mmoja aitwaye Richard Carrington alikuwa katika nyumba yake ya kutazamia nyota huko Redhill, kusini ya London. Alikuwa na umri wa miaka 33, mwana wa mtengeneza bia, na kazi yake aliyoipenda ilikuwa kuchora madoa yaliyomo juani kila siku yalipoonekana. Hakulitazama jua kwa macho. Alitumia darubini kuiangusha picha ya jua juu ya kioo kilichopakwa rangi, akaichora kutoka hapo. (Nasimama hapa kidogo. Tarehe 1 Septemba 2016 watu wengi walikwenda Rujewa, mkoa wa Mbeya, kuona jua likipatwa likabaki kama pete. Kulitazama jua bila miwani maalumu huchoma jicho, na jicho halipigi kelele linapochomwa. Fanyeni kama Carrington: toboeni tundu dogo katika kadibodi, mwanga uangukie karatasi nyeupe.)

Saa tano na dakika 18 asubuhi, kwa saa za Uingereza, Carrington aliona mianga miwili myeupe ikitokea katikati ya kundi kubwa la madoa. Alikimbia kumwita mtu wa kushuhudia, na aliporudi ilikuwa imekwisha kufifia. Jambo lote lilichukua dakika zipatazo tano. Kwa bahati njema mtu mwingine, Richard Hodgson, aliliona pia kwa darubini yake mwenyewe mahali pengine. Saa 17 na nusu hivi baadaye wingu lilifika duniani.

Lilipofika, mbingu za usiku zilijaa mianga ya rangi nyekundu na kijani. Mianga ya namna hiyo ni ya kawaida katika nchi za baridi karibu na ncha za dunia, lakini usiku ule ilionekana hata Cuba na Hawaii. Yasimuliwa kwamba wachimba dhahabu katika milima ya Rocky, Marekani, waliamka usiku wa manane wakaanza kupika chakula cha asubuhi, wakidhani kumekucha. Na zile simu za waya, ambazo zilikuwa kitu kipya wakati ule, zilishikwa na wazimu. Wajukuu wetu hawajui kwamba zamani neno “simu” lilikuwa na maana ya habari fupi iliyopelekwa kwa waya kwa kugonga-gonga, si kuzungumza. Basi mafundi wa simu hizo walipigwa na umeme mikononi, na karatasi zao zikashika moto. Mafundi wawili, mmoja Boston na mwenzake Portland, waliondoa betri zao kabisa wakapelekeana habari kwa muda wa saa mbili kwa nguvu ya umeme uliotoka angani.

Huku kwetu ilikuwaje? Saa tano na dakika 18 ya Uingereza ni saa nane na dakika 18 mchana kwa saa zetu za leo. Kwa hiyo mwako ule uliwaangazia watu wa pwani ya Ziwa Nyasa waziwazi, jua likiwa juu. Wavuvi walikuwa majini, wake kwa waume walikuwa mashambani, misafara ilikuwa njiani kwenda Kilwa. Katikati ya mwezi huo huo wa Septemba, Livingstone alifika katika ziwa upande wa kusini, na Novemba Mjerumani Albrecht Roscher alifika ufuko wa mashariki, akitokea Kilwa. Hawa waliandika mambo mengi. Hawakuandika kwamba walikuta nchi imeunguzwa na jua. Kilichokuwa kikiwamaliza watu wa ziwa hili mwaka ule ni biashara ya watumwa. Misafara ile ya Kilwa ilibeba pembe za ndovu na binadamu, na vijiji vizima vilihama kuikimbia. Kama msikilizaji ataka kujua nani aliyekuwa adui wa uhai hapa mwaka 1859, jibu ni hilo.

Na vyombo je? Havikuharibika, kwa sababu havikuwapo. Waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Zanzibar mwaka 1879, miaka 20 baadaye. Dhoruba kubwa ya jua iliyopata kuandikwa na watu ilipita juu ya vichwa vya babu zetu, isikute kwetu hata waya mmoja wa kuuchezea.

Hapa mwanafunzi mwenye akili atauliza: kwa nini mwili wa mtu haukudhurika, na huku waya uliungua?

Kwanza ni sumaku ya dunia. Mvuvi mwenye dira ajua kwamba mshale wake huelekea kaskazini daima. Huelekea huko kwa sababu dunia yenyewe ni sumaku kubwa, na sumaku hiyo imetandaza ngao mbali sana angani. Chembe za umeme zitokazo juani hugonga ngao hiyo, nyingi zikageuzwa, nyingine zikaelekezwa kwenye ncha za dunia. Ngao ikitikiswa, umeme huamka ndani ya nyaya ndefu. Mwili wa mtu ni mfupi mno, hauwezi kufanya kazi ya waya wa kilomita mia.

Pili ni hewa. Twaiona hewa kuwa si kitu, lakini ina uzito. Hewa yote iliyo juu ya kichwa cha mtu asimamaye ufukoni Mbamba Bay ina uzito sawa na maji ya kina cha karibu mita 10. (Juu milimani Mbinga ni pungufu kidogo.) Mzamiaji yeyote ajua jinsi mita 10 za maji zinavyokandamiza masikio. Basi sisi sote twaishi kama samaki chini ya kilindi hicho, na mionzi mikali ya mlipuko wa jua huishia juu, haifiki chini. Wanaopaswa kuogopa ni wale waliotoka nje ya dari hiyo. Agosti 1972 jua lilitoa milipuko mikubwa sana. Wamarekani walikuwa wamerudi kutoka mwezini Aprili ya mwaka huo, na safari nyingine ikaenda Desemba. Kama mlipuko ule ungewakuta watu wakitembea mwezini, pasipo hewa wala ngao, wangeweza kuugua vibaya.

Je, 1859 ndiyo kubwa kuliko zote? Sivyo. Kuna shahidi mwingine asiyejua kuandika, naye ni mti. Katika nchi zenye majira ya baridi kali, mti huongeza mviringo mmoja kila mwaka ndani ya gogo lake, na kila mviringo huhifadhi hewa ya mwaka ule. Mwaka 2012 mwanamke wa Japani, Fusa Miyake, pamoja na wenzake, walitangaza kwamba katika mierezi ya kale walikuta mviringo wa mwaka 774 hadi 775 una ongezeko kubwa la kaboni ya namna ya pekee, iitwayo kaboni 14. Kaboni hiyo hutengenezwa chembe kali zinapoipiga hewa ya juu. Alama za mwaka huo huo zimeonekana katika barafu ya kale ya Greenland na ya ncha ya kusini. Wengi wa wataalamu wakubali kwamba lilikuwa pigo la jua, lenye nguvu mara nyingi kuliko lolote lililopimwa kwa vyombo vya kisasa. Mwaka 2023 alama ya pigo kubwa zaidi ilitangazwa, iliyopatikana katika magogo ya kale ya kusini ya Ufaransa. Hilo lilipata dunia miaka 14,300 iliyopita.

Mwaka 774 watu walikuwa wakiishi Shanga, katika kisiwa cha Pate, karibu na Lamu. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua nyumba zao, vyungu vyao, na misikiti yao midogo ya miti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine. Hakuna tabaka la maafa katika udongo ule. Watu walivua, wakapika, wakasali, wakazaa. Mji uliendelea kukua kwa miaka mia sita na zaidi baada ya hapo. Pigo kuu la jua liliwapita, nasi tusingalijua habari zake bila miti ya Japani.

Kuna jambo moja ambalo ni haki kulisema, wasikilizaji msije mkadhani nafunika kitu. Desemba 2024 wataalamu waliochunguza nyota zaidi ya 56,000 zinazofanana na jua walitangaza kwamba nyota za namna hiyo hutoa mwako mkubwa mno, mara moja kwa wastani wa kama miaka 100 kila nyota. Hiyo ni miako mikubwa kuliko ya 1859. Wengine wabisha kwamba nyota zile si sawa na jua letu, na ubishi huo ni halali. Lakini hata mwako wa namna hiyo usingechoma nchi. Madhara yake makubwa kwa uhai yangekuwa kuitoboa ozoni, yaani lile tandiko jembamba la hewa ya juu linalochuja mionzi ya jua inayounguza ngozi na macho. Ozoni ikipungua kwa miaka michache, mimea mingine ingesinyaa na viumbe vya juu ya maji vingeumia. Hasara, naam. Mwisho wa uhai, hapana. Nasema hapana kwa sababu tunaye shahidi wa tatu, na shahidi huyo yuko chini ya miguu ya wasikilizaji wetu wa Ngaka.

Sasa mwalimu andika ile hesabu kubwa: 252,000,000. Isomeni pamoja: miaka milioni mia mbili hamsini na mbili.

Hesabu hiyo haimwingii mtu kichwani, basi tuitembee. Tuseme kila hatua moja ya mguu ni miaka 1,000. Ukitoka Mbinga mjini na kupiga hatua moja na kipande tu, umefika mwaka 774. Hatua 14 na kidogo, umefika lile pigo la magogo ya Ufaransa. Sasa endelea na njia, ufike Songea, ugeuke, urudi tena mpaka Mbinga. Karibu kilomita 200. Hapo ndipo umefika wakati wa makaa ya mawe ya Ngaka, yapata miaka milioni 280 iliyopita.

Makaa hayo, yanayochimbwa katika kata ya Ruanda tangu mwaka 2011 na kubebwa na malori mchana na usiku, yalikuwa misitu. Wakulima wa Umatengo wataelewa upesi. Katika ngoro, mkulima hulaza majani kwa mistari, akayafunika kwa udongo, yakaoza yakawa mbolea. Wakati ule Afrika, India, Australia na Amerika ya Kusini zilikuwa nchi moja iliyoshikana, na bonde hili lilikuwa kinamasi. Miti ilianguka majini, tope likaifunika, pasipo hewa ya kuiozesha. Tabaka likalala juu ya tabaka, uzito ukalikandamiza mpaka likawa jiwe jeusi. Na mti huishi kwa kunasa mwanga wa jua. Kwa hiyo makaa ya mawe ni jua la kale lililofukiwa. Lile jua tunaloliogopa ndilo lililoijenga Ngaka.

Juu ya miamba ya makaa, katika bonde lote la mto Ruhuhu unaoingia ziwani hapo Manda, imelala miamba mingine yenye mifupa iliyogeuka jiwe. Katika miaka ya 1930 mpima miamba wa serikali, G. M. Stockley, na Mwingereza wa Cambridge, F. R. Parrington, walikusanya mifupa mingi sana huko. Wengine wamekuja baada yao, na kazi haijaisha. Mnyama mmoja aliyetangazwa mwaka 2010 kutoka bonde hilo ameitwa Asilisaurus kongwe, jina ambalo kila msikilizaji aweza kuona Kiswahili ndani yake. Mwingine, Nyasasaurus, aliyeelezwa kwa ukamilifu mwaka 2013, huenda ndiye dinosaria mkongwe kuliko wote wanaojulikana. Mfupa wake mkubwa uko London. Mtoto wa Liuli akitaka kumwona mnyama wa nyumbani kwao, hana budi kupanda ndege. Lakini hilo ni somo la siku nyingine.

Mifupa hii haiko pamoja yote. Katika tabaka za chini kuna wanyama wenye meno mawili kama pembe na mdomo kama wa kobe, waliokula majani kwa makundi. Kuna pia wakali wenye meno marefu kama visu waliowawinda. Ukipanda katika tabaka za juu, wale wakali hawapo tena, mpaka leo. Wala majani wamebaki wachache, wa aina nyingine. Katikati pametokea jambo. Jambo hilo lilitokea miaka milioni 252 iliyopita, nalo ndilo lililokaribia kuumaliza uhai wa dunia kuliko lolote lingine tunalolijua. Baharini, katika kila aina 10 za viumbe, zilipotea 8 au 9. Nchi kavu, katika kila aina 10 za wanyama wenye uti wa mgongo, zilipotea kama 7. Na nyinyi mchimbao makaa sikieni hili: kwa muda wa miaka kama milioni 10 baada ya hapo, hakuna mahali popote duniani palipotengenezwa makaa ya mawe. Misitu ya vinamasi ilikuwa imekufa.

Nani aliyefanya hivyo? Halikuwa jua. Huko Siberia, katika Urusi ya leo, ardhi ilipasuka, ikatapika miamba iliyoyeyuka kwa muda wa mamia ya maelfu ya miaka, ikafunika nchi kubwa mara kadhaa kuliko Tanzania. Moto huo ulipanda ukipita katika akiba kubwa ya makaa ya mawe, ukayaunguza. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza kwamba wameyakuta masalio ya makaa na miti iliyoungua ndani ya miamba ile ya volkano. Moshi wake ulijaza hewa kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo hushika joto kama blanketi. Maji ya bahari za joto yalipanda kiasi cha nyuzi 8 hadi 10, yakakosa hewa ya kutosha, samaki na konokono wakafa. Yaelekea gesi nyingine ziliitoboa ozoni, maana mbegu-vumbi za mimea ya wakati ule zimekutwa zimelemaa. Hapo ndipo jua lilipowadhuru viumbe, tena jua la kila siku, pasipo mlipuko wowote, baada ya dari kutobolewa kutoka chini.

Kwa maoni yangu hii ndiyo habari kubwa kuliko zote katika somo hili. Miaka milioni mia nyingi jua limewaka, limelipuka mara zisizohesabika, na hakuna tabaka hata moja la kufa kwa wingi ambalo wataalamu wameweza kulitwika mlipuko wake. Makaa yaliyoungua yote kwa pamoja yameacha alama inayoonekana mpaka Ruhuhu. Sisemi kwamba lori la Ngaka litaiua dunia. Makaa ya Siberia yalikuwa mengi mno, na katika moshi wa wakati wetu sehemu yetu Watanzania ni ndogo sana kando ya ile ya nchi zenye viwanda vikubwa. Lakini moshi ni ule ule. Mwaka ule Carrington alipoona mwako wake, katika kila sehemu milioni moja za hewa, kaboni dayoksaidi ilikuwa sehemu zipatazo 285. Sasa zimepita 420. Vijana wengi wa Mbinga hula kwa kazi ya makaa, na kuyazungumza haya hakuwanyang'anyi chakula chao. Waweza kuchimba na kujua.

Basi jua lisitutishe kabisa? Latutisha kwa upande mmoja, nao ni ule wa waya. Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba ya jua ilizima umeme katika jimbo la Quebec, Kanada, watu milioni 6 wakakaa gizani kwa saa 9. Mwishoni mwa 2003 dhoruba nyingine ilipita, na huko Afrika ya Kusini transfoma kadhaa kubwa ziliharibika baada yake. Sisi tulio karibu na mstari wa ikweta hatupigwi sana kama wao katika nyaya za umeme, lakini redio na vyombo vya kuonyesha njia kwa satelaiti huvurugika hata huku. Na tangu njia kuu ya umeme ilipotoka Makambako kufika Songea mwaka 2018, Ruvuma imo katika gridi ya taifa. Babu zetu wa 1859 hawakuwa na kitu cha kuharibiwa. Sisi fedha zetu zimo ndani ya simu, na dawa za watoto zimo ndani ya majokofu ya zahanati.

Tunamalizia na mwaka 2024. Usiku wa tarehe 10 Mei dunia ilipigwa na dhoruba ya jua kubwa kuliko zote kwa muda wa miaka 20 hivi. Mianga ya rangi ilionekana mpaka Namibia na Afrika ya Kusini. Siku mbili baadaye, Jumapili tarehe 12 Mei, intaneti ilipotea karibu Afrika Mashariki yote, Tanzania ikiwamo. Mtu aliyesikia habari hizo mbili pamoja ni rahisi aseme, “Jua limekata intaneti.” Sababu haikuwa hiyo. Mikongo miwili ya baharini ilikuwa imekatika chini ya bahari, kaskazini ya Durban. Mambo mawili yalifuatana, na kufuatana si kuzaana.

Mwalimu wa kikundi, mazungumzo ya leo yafanyike hivi. Kwanza waulize wanafunzi: kama dhoruba ya 1859 ingekuja kesho, katika kijiji chenu kingesimama kitu gani, na kingeendelea kitu gani? Waandike orodha wenyewe, kila mtu kwa mkono wake, herufi zikiwa kubwa. Wavuvi waseme watarudije ufukoni pasipo simu. Mtu wa zahanati, kama yupo, aseme juu ya jokofu lake. Kisha, aliye karibu na machimbo alete kipande kidogo cha makaa ya mawe. Kiwasheni nje ya darasa, si ndani, maana moshi wake hudhuru kifua. Mwanga wake ukitokea, wanafunzi wajibu katika madaftari yao: mwanga huu uliondoka juani lini, na ulipita wapi mpaka kufika hapa?

Juma lijalo, saa kama hii. Kwaherini.